Kaseti Iliyoliwa na Mbuzi

Wiki tatu zilizopita nilikuwa Same, nimekaa juu ya gunia langu la tangawizi nasubiri gari la kupanda Mhezi, nikamsikia bibi yangu anaimba. Nakuambia wewe kwa sababu tumezoeana. Mwingine angenishika mkono anipeleke hospitali, maana bibi tulimzika mimi nikiwa bado navaa kaptura yenye madirisha mawili nyuma.

Sauti ilitoka kwenye kibanda cha kijana mmoja anayejazia watu nyimbo kwenye flashi. Wenye bodaboda wote wa Same wanajaza pale. Kijana mwenyewe ni dijei, anaunganisha wimbo na wimbo bila kuacha hata pengo la kupiga chafya, na biti zake zinakimbia mpaka kuku wa jirani wanataga mawili mawili. Sasa katikati ya zile ngoma nikasikia mwanamke mzima anauliza kwa Kipare, kwa sauti ya kuvuta: maji haya yanakwenda kwa nani? Ngoma zikajibu, du du du. Akauliza tena. Halafu kikaja kitoto kimebana pua: "Hapa ni Redio Mhezi, inasikika mpaka Ulaya."

Nilisimama, gunia likaanguka, tangawizi zikatawanyika barabarani kama vifaranga. Sikuziokota.

"Shikamoo mzee," kijana akasema. "Nikujazie za zamani?"

"Marahaba. Huyo bibi umemtoa wapi?"

"Huyo ndiye anauza biti yote, mzee wangu. Nimemkuta kwenye kaseti. Kuna fundi redio alifunga kibanda chake, akanipa boksi zima. Mimi nasikiliza moja moja, nikikuta kipande kitamu nakikata, nakizungusha. Huyo nimemtafuta ni nani, hakuna anayemjua."

"Na hako katoto?"

"Hako sijui ka chizi gani."

"Ni mimi."

Akaniangalia kuanzia kofia mpaka ndala. Nikabana pua, nikasema, "Hapa ni Redio Mhezi." Kijana akazima muziki, akanivutia kigoda.

Sasa ngoja nikurudishe nyuma, maana bila hapo hutaelewa kwa nini mtu mzima nilikaa kwenye kigoda cha watu nikashindwa hata kunywa soda.

Kwetu Mhezi baridi ya mwezi wa saba hata moto wenyewe unajikunyata. Nimelelewa na bibi, mzaa mama. Baba alishafariki, na mama alikuwa kule chini tambarare kwenye mashamba ya mkonge, anarudi mara moja kwa mwaka akiwa na sukari na mikono iliyochanika. Bibi alikuwa anapika makande yanayochemka siku mbili, ukila leo unashiba mpaka keshokutwa, na alikuwa na sauti. Mimi napenda kutia chumvi, unanijua, lakini hapa sitii: bibi akiniita nikiwa porini natafuta kuni, kuni zenyewe zilikuwa zinajifunga kamba.

Na kijijini tulikuwa na ndiva. Ndiva ni bwawa la udongo lililochimbwa na wazee juu ya mashamba. Maji yanalala humo, asubuhi mtu anazibua, yanashuka kwenye mfereji nyumba kwa nyumba, kila mtu na zamu yake. Kila mwaka kabla ya kupanda, tope linajaa, basi pembe inapigwa alfajiri, kijiji kizima kinatoka na majembe na makarai. Ndiyo msaragambo huo. Usipokwenda unasemwa mpaka mbwa wako anaona aibu.

Kwenye tope lazima kuwe na wa kuimbisha, na wa kuimbisha alikuwa bibi. Anasimama ukingoni na fimbo yake, anauliza: maji haya yanakwenda kwa nani? Waliomo ndani wanajibu nyumba ya kwanza: kwa mhunzi. Anauliza tena. Kwa mama mapacha. Tena. Kwa mwenye mbwa wawili. Hivyo hivyo kufuata mfereji, makarai yakitembea, mpaka nyumba ya mwisho kabisa, na nyumba ya mwisho ilikuwa yetu. Hapo desturi inageuka. Anayeimbisha akifika kwake haulizi tena, anasema neno lake. Neno lolote. Atasifia, atakemea, atamtania mtu, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Halafu mzibo unang'olewa, maji yanakwenda.

Mwaka mmoja mama hakurudi. Alituma salamu kwamba anaumwa kifua, nyapara hampi ruhusa. Bibi alikaa siku nyingi hana raha. Barua hakujua kuandika, na mimi niliyekuwa darasa la tatu nilikuwa najua kuandika jina langu tu, nalo nilikuwa nalikosea. Siku zile watu walikuwa wanatumiana kaseti badala ya barua, unaongea humo, unampa mtu anayesafiri. Mwalimu wa kwaya alikuwa na redio kaseti, pekee kijijini, akamwambia bibi aje aongee.

"Siongei na sanduku," bibi akasema. "Likinijibu je?"

"Basi bibi, imba tu siku ya ndiva. Mimi nitaliweka pale ukingoni, wewe jifanye hulioni. Ukifika kwenu, mwambie mwanao unachotaka."

Ndivyo ilivyokuwa. Mwalimu aliiweka redio juu ya jiwe, akaifunika nusu kwa kanga isirukiwe na tope, na mimi nikapewa kazi ya kuilinda. Kazi hiyo niliifanya vizuri kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya mpaka leo. Sikuondoa macho kwenye kile kidirisha. Vile vigurudumu viwili vinazunguka, kimoja kinanenepa kingine kinakonda, na kale kataa kekundu kanawaka. Bibi aliimba nyumba zote, akafika kwetu, akasema neno lake kwa mama. Watu walicheka, rafiki yangu, walicheka mpaka mmoja akakaa kwenye tope. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa naangalia vigurudumu.

Mwalimu alipomaliza aling'oa vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti. "Hii sasa imefungwa," akasema. "Hata mwenye hasira hawezi kurekodi juu yake." Akampa bibi aitunze mpaka apatikane wa kushuka. Kesho yake mwalimu akasafiri na kwaya, na redio akaiacha kwa bibi, kwa kuwa mlango wetu ndio uliokuwa na kufuli.

Umeshaona inakoelekea. Mtoto, redio, kaseti, na bibi ameenda shambani.

Nilianza kwa kusikiliza tu. Nikasikia bibi anauliza, maji haya yanakwenda kwa nani. Nikasema moyoni, hapa ingefaa uingie muziki. Nilikuwa nimeshaona kwa mwalimu jinsi ya kurekodi kutoka redioni, unabonyeza viwili kwa pamoja, unatumia kitufe cha pozi kukata maneno ya mtangazaji. Nikabonyeza, vikagoma, maana vijino havipo. Hapo ndipo ningetoka nje nikacheze. Lakini mimi nilichana karatasi ya daftari, nikaitafuna ikalainika, nikaziba vile vitundu. Vitufe vikakubali.

Nikamwacha bibi aulize mara moja tu, nikabana pua nikajitangaza, nikaingiza dansi la redioni. Nikapozi, nikaingiza taarabu. Nikapozi, matangazo ya vifo, nikayakata, nikarudi na dansi. Yaani haya mambo vijana wanafanya leo Same na kompyuta, mimi nilifanya Mhezi kwa mate na karatasi. Niliendelea mpaka niliposikia bibi anakohoa mlangoni, nikazima.

Ilinichukua muda kuelewa nilichofanya. Nilidhani bibi yupo chini ya muziki, kama chumvi chini ya makande, ukikoroga anapanda. Niliporudisha na kusikiliza nikakuta hayupo, jasho lilinitoka kwenye baridi ile. Kesho yake lilipita lori la mbao. Nikamrushia utingo ile kaseti, nikamwambia ni zawadi. Jioni nikamwambia bibi kaseti imeliwa na mbuzi.

Bibi aliniangalia. "Yote?"

"Na waya wake, bibi. Alikuwa anautafuna kama utumbo."

"Basi na yeye alitaka kusikia," akasema. "Nitamwimbia tena mwakani."

Mwakani haikufika. Mvua za masika zilimkuta na homa, wiki moja tu. Mama alipanda akafika siku ya maziko. Waliokuja kulia walilishwa, na aliyechinjwa ni yule mbuzi. Matanga yalipokwisha mama akauliza, mbona nilisikia mama alinirekodia neno, liko wapi? Watu wakaniangalia mimi, nikaeleza habari ya mbuzi. Mama akacheka huku machozi yanamtoka. Nikaona kumbe uongo unaweza kumchekesha mtu aliyefiwa, nikashika njia hiyo mpaka nimeota mvi. Hadithi ya mbuzi nimeisimulia kwenye harusi, kwenye vilabu vya pombe ya dengelua, kwenye kipaimara cha wanangu. Kila mwaka inanenepa. Siku hizi mbuzi akishamaliza kuila anaimba dansi zima na kutangaza taarifa ya habari.

Kijana wa Same alinisikiliza yote haya, hakucheka. Akaniwekea ule mchanganyiko wake kwenye simu, akanipa na kaseti yenyewe na karedio kake ka kuichezea. "Nenda nayo, mzee. Mimi nilichukua mwanzo tu. Katikati ni dansi, nikaruka. Huko mwisho sijafika."

Huko mwisho hajafika. Nilipanda milima na maneno hayo kama mtu aliyebeba yai.

Mama nilimkuta barazani anachambua maharage. Sasa ni bibi kuliko bibi alivyokuwa. Nikamwamkia, nikaweka simu kwenye ungo, nikabonyeza. Ngoma zikaanza, akakunja uso. Halafu sauti ikauliza, maji haya yanakwenda kwa nani?

Mikono ya mama ikasimama. Ikauliza tena. Na mama, taratibu, kwa sauti yenye vumbi, akajibu: kwa mhunzi.

Ikauliza. Kwa mama mapacha. Ikauliza. Kwa mwenye mbwa wawili. Alizitaja zote, hakukosea hata moja, nyumba ambazo nyingine ni migomba tu sasa, nyingine ni mabati ya watu wa Dar waliofunga na kufuli. Mfereji wenyewe umekauka, tuna mabomba ya plastiki, na ndiva imeota matete. Lakini mama aliyashusha maji mpaka kwetu, akasubiri neno.

Sauti ikauliza tena, maji haya yanakwenda kwa nani?

"Yameshafika," mama akasema.

Ikauliza tena.

"Mbona hasogei? Mwambie yameshafika."

Nikazima simu. Nikamwambia, mama, ile kaseti haikuliwa. Niliifuta mimi. Nikamweleza karatasi, mate, utingo, yote, bila kutia chumvi, nikajiona kama sijui kuongea.

"Na mbuzi?" akauliza.

"Mbuzi hakuhusika."

"Tulimchinja yule." Akachambua maharage mawili matatu. "Unatania."

"Sitanii, mama."

"Wewe siku zote unatania."

Basi nikaweka kaseti. Tukamsikia bibi mara moja, tukanisikia mimi, tukasikiliza dansi na taarabu upande mzima, mama ametulia kama yuko kanisani. Nilikuwa namwomba Mungu yule mtoto achoke mapema, akakojoe, afanye chochote. Dansi likaendelea. Halafu kwa mbali, kikohozi. Tak. Nikajizima.

Na baada ya pale watu wanacheka. Ndiva nzima inacheka, unawasikia mpaka pumzi, na vigelegele juu yake, na mzibo unang'olewa, na maji yanaondoka kwa kishindo. Halafu kaseti ikaisha.

Neno lenyewe lingepona kama ningezima mapema kidogo tu.

Mama alikuwa anatabasamu, amejiinamisha kuelekea redio. "Alisema nini hapo, wakacheka hivyo? Wewe si ulikuwepo?"

Rafiki yangu, ulimi huu umemwimbisha mbuzi. Ningeweza kumpa mama neno tamu la bibi palepale, akaenda nalo kaburini akiwa ameshiba, na nusu yake nilikuwa nimeshaipanga mdomoni. Nikamwangalia usoni, likayeyuka.

"Nilikuwepo, mama. Nilikuwa naangalia vigurudumu."

Hakunisema. Akarudisha mikono kwenye ungo, akasema, "Rudisha hapo wanapocheka."

Nikarudisha. Nikarudisha tena na tena mpaka betri zikachoka na vicheko vikawa vizito kama vya ng'ombe. Nilipopiga simu Same, kijana aliniambia kaseti nikae nayo. Sasa kila nikipita kwa mama na betri mpya anaosha mikono kwanza, anakaa, ananiambia nianze. Wakicheka, na yeye anacheka nao. Hajui anachekea nini, na mimi niliyekaa hatua nne tu kutoka mdomoni mwa bibi sijui pia.