Udongo Uliochekechwa Mara Mbili

Dada Döndü hakuwahi kuingia kwangu bila kuzitukana kuta zangu. "Melahat, hizi ni kuta au ni chai ya jana?" Kisha anapitisha kidole juu ya swichi ya taa, anakitazama, na kukipangusa kwenye aproni yangu, si yake. Yeye alikaa ghorofa ya tatu, mimi ya pili, katika jengo moja hapa mjini Eskişehir, Uturuki. Kila baridi ilipoanza kukatika, alisukuma viti na makabati yote katikati ya chumba na kupaka rangi nyeupe kuanzia sakafuni hadi dari, peke yake, na huoni hata alama ya brashi. Nilimwuliza siku moja alijifunzia wapi. Akasema amezaliwa nayo, halafu akaniuliza bei ya vitunguu.

Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, Nazife, mwalimu wa shule ya msingi. Sitaki kumfanya malaika kwa sababu ya yaliyomfika. Alikuwa mkali wa maneno, mkarimu wa chakula, na alikuwa mwongo. Mwongo wa jambo moja tu: alikozaliwa. Ukimwuliza, yeye ni mtu wa mjini tangu enzi, baba yake alikuwa na duka karibu na stesheni. Jengo zima liliamini. Hata Nazife aliamini, maana aliletwa mjini hajajua kushika kijiko.

Nazife akaanza kuhema kwenye ngazi. Mwanzoni tulimtania kwamba unene umemwingia. Kumbe lilikuwa ni maji, yamejaa kifuani upande wa kulia, kati ya pafu na mbavu. Nilifuatana nao hospitali kwa sababu Döndü anaogopa lifti kuliko anavyoogopa kaburi, na lazima mtu apande naye ngazi akimsemesha.

Daktari Oya alikuwa mwanamke mwenye macho ya usingizi na sauti ya upole. Alimsikiliza Nazife kifua, kisha akamgeukia mama. "Mama, mmewahi kuishi vijiji vya udongo mweupe?"

Nazife hakupata hata nafasi ya kufungua mdomo. "Wapi!" Döndü akadakia. "Sisi watu wa mjini, daktari binti yangu. Huyu mtoto hata tope hajui kulikanyaga."

Mimi nilicheka. Namkumbuka alivyoukumbatia mkoba wake, lakini wakati ule niliona ni uoga wa hospitali tu.

Walimchoma sindano mgongoni, wakavuta maji ya rangi ya chai nyepesi, wakayapeleka maabara. Majibu yakaja hayana kichwa wala miguu: kuna chembe zimevurugika, lakini zimevurugwa na nini haijulikani. Wakamwanzishia dawa za kifua kikuu. Baridi nzima Nazife alimeza vidonge vilivyougeuza mkojo wake kuwa mwekundu, na mama yake akampikia tarhana, ile supu ya unga na maziwa ya mgando, kwa sufuria ya harusi. Maji yakavutwa, yakarudi. Yakavutwa tena, yakarudi mazito zaidi.

Hapo daktari Oya akachoka kubahatisha. Akatueleza kwamba chembe zilizokasirishwa na ugonjwa wa kawaida na chembe za saratani ya utando wa mapafu zinafanana mno, ukizitazama kwa darubini utadhani ni pacha. "Kwa hiyo safari hii hatutazami sura," akasema. "Maji yanakwenda Ankara, wakapime vinasaba vya chembe zinazoelea humo. Kuna vinasaba ambavyo saratani hii hupenda kuvipoteza. Wakikuta havipo, ubishi umekwisha."

Wakakuta havipo.

Tuliitwa sote watatu. Daktari alisema jina la ugonjwa polepole, akamwacha Nazife alie kidogo, akampa maji. Kisha akasogeza kiti chake mbele ya Döndü, magoti yakakaribia kugusana. "Mama, huu ugonjwa hauokotwi barabarani. Huku kwetu karibu kila mara unatoka kwenye ule udongo. Nakuuliza tena."

Döndü alitazama sakafu. "Kirazyazı," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani chini ya kanzu.

"Kirazyazı ndiyo nini?" Nazife akauliza.

"Kijiji chetu, mwanangu. Ulizaliwa huko."

Basi yakatoka yote. Nyuma ya kijiji kulikuwa na kilima, na udongo wake mweupe kama unga. Kila sikukuu ikikaribia wanawake walikwenda kuuchimba, wakaukoroga na maji, wakapaka kuta kwa kipande cha ngozi ya kondoo. Döndü ndiye aliyekuwa na mkono kuliko wote. Hakuna bibi harusi aliyeingia nyumba mpya kabla Döndü hajaipaka. Na watoto wachanga hawakuvishwa nepi. Udongo ulipashwa moto kwenye kikaango, ukatandazwa kwenye kitambaa, mtoto akafungiwa humo ndani, unanyonya mkojo na mtoto analala usiku kucha.

"Wengine walichekecha mara moja," akasema, bado hajainua macho. "Mimi udongo wako niliuchekecha mara mbili, usije ukakwaruzwa. Na ulipoanza kutembea ulikuwa unaulamba ukuta, mvua ikinyesha, unapenda harufu yake. Tulikuwa tunakucheka."

Baadaye walikuja madaktari na mashine zao, wakasema udongo una nyuzi zisizoonekana zinazoua watu. Habari ikaenea wilaya nzima. Sokoni watu wakaacha kununua jibini ya Kirazyazı. Vijana wakarudisha pete za uchumba. Mdogo wake Döndü alirudishiwa yake mbele ya wageni, na mama mkwe mtarajiwa akafunika pua kwa mtandio. Döndü aliona hayo, akamfunga Nazife mgongoni, akahamia mjini na mumewe, na kijiji akakikata kama unavyokata uzi.

Nazife alikuwa amefuta machozi. "Kwa hiyo siku ile daktari alipouliza..."

"Nilijua anauliza nini."

"Na ukanyamaza."

"Ningenyamaza ingekuwa afadhali. Nilisema uongo. Niliona haya, mwanangu. Mbele ya daktari, na Melahat amekaa pale, niliona haya."

Sikumwonea huruma. Kwenye ngazi nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudisha: "Hiyo haya yako, dada, ulitaka ilipwe kwa kifua cha mtoto?" Aliteremka ameshika ukuta, ngazi kwa ngazi, na safari hii hakunitaka nimsemeshe.

Kulikuwa bado na kipimo kimoja, cha damu ya Nazife. Daktari alisema kuna familia ambazo kinasaba kimoja kati ya vile huja kibovu tangu tumboni, na kwao hata vumbi kidogo linatosha. Ikiwa ni hivyo, na binti wa Nazife, Defne, naye atapimwa na kuangaliwa maisha yake yote.

Tukiwa tunangoja majibu, Döndü aliteremka kwangu. Alikaa, hakugusa chai, hakuzitukana kuta.

"Melahat, nimeomba dua mbaya."

"Umemwombea nani?"

"Nimeomba iwe ya damu. Ikiwa ya damu, basi ni ya mababu, si ya mikono yangu. Nimeomba kwa machozi, nimeganda kwenye mswala. Ninapoinuka, Defne huyo anapita, anatafuna tufaha, ananiuliza kama nimeona soksi yake." Akajipiga mapaja. "Nilikuwa namwombea soksi? Nilikuwa namwombea maji kifuani! Bibi gani huyu, Melahat? Niambie, bibi gani?"

Hasira yangu yote iliisha palepale. Nilimwaga ile chai iliyopoa, nikamtilia nyingine, nikakaa karibu naye.

Siku ya majibu Nazife alikuwa ameshaanza matibabu, nywele zimemtoka, amejifunga kitambaa cha mama yake kichwani. Daktari Oya alituona tu akaanza kutabasamu. "Damu ni safi. Vile vinasaba vimepotea ndani ya uvimbe peke yake. Ulizaliwa navyo vizima. Defne hana cha kurithi hapa."

Nazife alilia kwa furaha, mabega yanatikisika. "Alhamdulillahi," akasema Döndü, na alisema kwa moyo wake wote, mimi nilimwona. Kisha uso ukaanza kushuka taratibu, kwa sababu nusu ya pili ya habari ilikuwa imemfikia. Mikono yake ilikuwa juu ya meza ya daktari. Aliitazama, akaiondoa, akaificha chini ya mkoba.

Nazife alimwona. "Mama, lete mkono."

"Uache."

"Lete bwana, nasikia baridi."

Akautoa mmoja, kwa shida. Nazife akauchukua, akaubana kati ya viganja vyake, akautazama kama anayetafuta kitu kwenye mistari yake.

"Kweli ulichekecha mara mbili?"

"Mara mbili, mwanangu," akasema Döndü. "Kwa kitambaa changu cha harusi."

Nazife alitikisa kichwa kukubali, na ule mkono hakuuachia mpaka tulipofika chini.