Muuguzi aliyewasaidia wengi kuchagua kipimo, akajisahau

Saa mbili na robo asubuhi, Jumatatu. Sista Gentrix Navalayo anafunga mlango wa chumba cha mwisho, kile kilicho karibu na maabara. Anavuta pazia. Kisha anabeba kiti chake kutoka nyuma ya meza na kukiweka ubavuni mwa kiti cha mgonjwa.

"Mtu hawezi kukueleza habari za choo chake huku meza imekaa katikati kama hakimu," anasema.

Mgonjwa wa leo si mgonjwa. Ni Mwalimu Lazarus Osundwa, mwenye umri wa miaka 54, naibu wa mwalimu mkuu katika shule moja ya msingi upande wa Butere. Amevaa koti na tai, na kofia ameilaza magotini. Haumwi popote. Lakini saratani ya utumbo mpana ilimuua babake, na mwaka juzi ikamuua kaka yake mkubwa.

"Daktari ameniambia niko na chaguo," Mwalimu anaanza. "Mimi nilidhani hospitalini mtu haulizwangi. Unaambiwa panda kitanda, unapanda."

"Hapa utaulizwa, Mwalimu," anajibu Gentrix.

Hospitali hii ndogo ya misheni iko nje kidogo ya mji wa Kakamega. Tangu mapema mwaka jana, 1995, Dkt Kipkemboi akikutana na mtu ambaye ukoo wake umeandamwa na ugonjwa huo, humtuma katika chumba hiki. Kazi ya Gentrix ni kueleza vipimo vilivyopo, uzuri na ubaya wa kila kimoja, kisha kumwacha mtu aamue mwenyewe.

Anatoa kwenye droo kadi ya karatasi ngumu yenye vidirisha vitatu na vijiti vya mbao. Hiki ndicho kipimo cha kwanza. Unakifanyia nyumbani. Siku tatu unapaka choo kidogo kwenye kidirisha, kisha unarudisha kadi. Maabara inadondosha dawa juu yake. Pakigeuka buluu, kuna damu isiyoonekana kwa macho.

"Siku hizo usile nyama ya ng'ombe, isije ikatudanganya," anamwambia.

"Na ingokho?"

"Kuku kula tu."

Mwalimu anacheka kidogo, kwa mara ya kwanza. Gentrix hamwachi acheke sana. Anamweleza kwamba kadi inaweza kupitwa na uvimbe ambao siku hizo hautoi damu. Na ikionyesha damu, bado atahitaji kipimo kikubwa zaidi.

Anaendelea na vingine. Kuna picha ya eksirei, ambapo utumbo hujazwa dawa nyeupe kama uji. Kuna mrija mfupi anaoutumia Dkt Kipkemboi hapa hapa, lakini huo huona mwisho wa utumbo tu. Na kuna kamera ndefu, ambayo hupita utumbo mpana wote, na daktari akikuta kinyama kidogo hukikata papo hapo kabla hakijaota mizizi. Hiyo ni mpaka Nairobi, kwa foleni ya miezi mitatu na gharama inayopita mshahara wake Gentrix wa mwezi mzima.

"Hiyo kamera," Mwalimu anauliza akitazama pazia, "inaingilia wapi?"

Gentrix anamwambia bila kupindisha neno.

Kisha Mwalimu anauliza jambo ambalo mgeni asingelitarajia: "Sista, wewe ni wa ukoo gani?"

Yeye amelizoea swali hilo. Mtu anataka kujua kama kuna ukwe kati yao, kwa maana kuna mambo ambayo mwanamume hapa hawezi kuyatamka mbele ya mkwewe hata akifa. Gentrix anautaja ukoo wake na wa marehemu mumewe. Wanapekuapekua ndoa za pande zote mbili, hawaoni palipogusana. Mwalimu anashusha pumzi.

"Mficha uchi hazai," Gentrix anamwambia kwa upole. "Tuendelee."

Si kila mtu huendelea. Katika mwaka mmoja na nusu amezungumza na watu 187 katika chumba hiki. Sitini na mmoja waliondoka bila kuchagua lolote. Mama mmoja alirudisha kadi ikiwa bado ndani ya bahasha, akasema mumewe amekataa choo cha nyumba yake kushikwa na mtu asiyemjua. Kati ya waliopimwa, tisa walipatikana na saratani. Wanne kati yao bado wako hai.

Anazitaja hesabu hizo polepole. Lakini kifo kilichomleta kwenye chumba hiki hakimo ndani yake.

Kaka yake, Jairus Shikanga, alikuwa mkata miwa huko Matungu. Jumapili moja ya Oktoba 1992 alimtembelea Gentrix nyumbani kwake Shirere, akiwa na kuku kwapani. Walikula, wakazungumza habari za mvua na za watoto. Watoto walipotoka nje, Jairus aliweka kikombe chini.

"Dada, nataka kukuuliza kitu, na usicheke. Nikienda choo, kuna damu."

Gentrix hakucheka. Lakini alikuwa ametoka zamu ndefu, na alimjua kaka yake kuwa mtu wa kuinama shambani kutwa nzima na kusahau kunywa maji.

"Nilimwambia ni bawasiri kabla hajamaliza kusema," anakumbuka. "Nilimpa dawa ya kupaka. Nikamwambia ale mboga. Sikumuuliza damu ilianza lini. Sikumuuliza kama amekonda. Mgonjwa wa kando ya barabara ningemuuliza. Ndugu yangu wa tumbo moja sikumuuliza."

Jairus aliondoka akiwa mwepesi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Miezi minane iliyofuata, kila mkewe Awinja alipomsihi aende hospitali, alimjibu jibu moja: hospitali iko kwao nyumbani, na dada amesema ni bawasiri.

Juni 1993 alirudi Shirere. Suruali ameifunga kwa kamba. Gentrix alipomwona akiingia langoni alijua, na anasema alitamani wakati huo asingekuwa muuguzi, awe tu mtu asiyejua kusoma mwili wa binadamu. Daktari wa upasuaji alifungua tumbo, akatazama, akalifunga. Jairus alikufa mwezi Agosti, akiwa na miaka 46, akaacha mke na watoto watano.

Kesho yake baada ya mazishi, Gentrix alimkuta wifi yake nyuma ya nyumba akimenya maharagwe. Aliketi chini na kumweleza yote: kwamba Jairus aliuliza, na yeye ndiye aliyejibu vibaya.

Awinja hakulia wala hakupandisha sauti. Aliendelea kumenya.

"Nilijua ni wewe," alisema hatimaye. "Nilikuwa nangoja nione kama utasema. Sasa umesema. Nenda nyumbani."

Gentrix alikwenda. Kwa miaka mitatu hakukanyaga tena boma lile. Krismasi alituma sukari na madaftari ya watoto. Vitu vilipokelewa, neno halikurudi.

Dkt Kipkemboi alipopata kadi za kwanza, Gentrix alimfuata. "Nilimwambia, nipe chumba chochote chenye mlango. Nataka mtu mwenye aibu kama ya kaka yangu apate pa kuketi, na apate mtu wa kumuuliza mpaka mwisho."

Ndiyo maana humweleza kila mgonjwa habari za Jairus. Na leo anamweleza Mwalimu Osundwa, kwa ufupi, akitumaini kwamba itamsaidia kuamua.

Mwalimu anasikiliza kama anavyosikiliza mtu aliyezoea kusahihisha insha. Kisha anainua kichwa.

"Pole sana, Sista. Lakini kaka yako na wewe damu ni moja. Wewe ulichagua kipimo gani?"

Gentrix anatazama droo ya kadi.

"Bado," anasema.

"Bado?"

"Bado, Mwalimu. Sijapima."

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Watu 187 wamekaa kwenye kiti kile, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Baadaye, akiwa amesimama kwenye veranda, anajaribu kueleza. Ana miaka 43. Wakati si tatizo. Kadi ziko kwenye droo yake. Woga wa kamera pia haukuwa tatizo.

"Nafikiri nilikuwa naona sistahili," anasema. "Kama nilimnyima yeye, kwa nini nijipe mimi?"

Mwalimu Osundwa anachagua siku hiyo hiyo. Gentrix hamfichi kwamba kwa mtu aliyezika baba na kaka, kamera ndefu ndiyo bora, na daktari pia anasema hivyo. Mwalimu anakubali, ila hawezi kuwaacha watahiniwa wa darasa la nane wiki chache kabla ya mtihani. Atafanya kadi sasa. Kamera itakuwa Desemba, shule zikifungwa. Anataka barua ya Nairobi iandikwe akiwa hapo hapo. "Nikitoka bila barua, nitajipatia sababu," anasema.

Anapofika mlangoni anageuka. "Na wewe chukua yako, Sista."

Jioni hiyo Gentrix aliweka kadi moja kwenye mkoba wake.

Wiki iliyofuata kadi mbili zilikuwa maabara. Ya Mwalimu haikugeuka rangi. Ya Gentrix iligeuka buluu kwenye vidirisha viwili kati ya vitatu.

Alilitazama jina lake juu ya kadi kwa muda mrefu. Anajua vizuri, kwa kuwa huwaambia wengine kila siku, kwamba damu si lazima iwe saratani. "Inaweza kuwa kidonda kidogo. Inaweza kuwa bawasiri," anasema, na neno hilo la mwisho linamtoka kwa shida.

Dkt Kipkemboi alimwandikia barua ya Nairobi siku ile ile, akawapigia simu wenzake wa huko. Akapata nafasi mapema kuliko wengi: Jumanne, Oktoba 22.

Jumamosi, kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote, Gentrix alikwenda Matungu. Hakuwa na uhakika kama atakaribishwa. Lakini watoto wawili wa kwanza wa Jairus sasa ni watu wazima, na habari hii iliwahusu wao pia.

Awinja alikuwa akianika mahindi uani. Alimwona, akaendelea kusambaza mahindi kwa mguu mpaka yakaenea mkeka mzima. Kisha akauliza, "Umekula?"

Walikula obusuma, ugali wa kwao, na mboga za kienyeji bila kusema mengi. Vyombo vilipoondolewa, Gentrix alieleza kadi, buluu, Nairobi. Akasema watoto wa Jairus nao wanahitaji kupimwa, na kwamba kama hawataki kumwona yeye, daktari atawapokea mwenyewe.

Awinja hakuanza na habari za watoto.

"Nairobi unaenda na nani?"

"Peke yangu."

"Jairus alikuwa akiendanga peke yake," Awinja alisema. "Alitoka hapa na kuku akaja kwako peke yake, kwa sababu ya aibu. Ningekuwa nimekuja naye, ningekwambia alikuwa amekonda kutoka Machi. Alikuwa amekatazwa na haya kuniambia anakoenda." Alijifuta uso kwa ncha ya leso. "Mulamwa, wifi yangu, hii kitu tuliifanya watu wengi. Mimi nilikuachia wewe peke yako kwa sababu ilikuwa rahisi."

Gentrix anasema hapo ndipo alipolia, kilio ambacho hakulia siku ya kumzika kaka yake.

Sasa wameshapanga. Jumatatu, Oktoba 21, wanawake hao wawili wataondoka Kakamega pamoja, Gentrix akiwa amekunywa tu maji na chai ya rangi kama daktari alivyoagiza. Wakirudi, Awinja atawaleta wanawe wawili wakubwa kwenye chumba cha mwisho. Wataelezwa vipimo vyote, nao watachagua wenyewe.

Kuhusu kamera itakachoona, Gentrix hataki kubashiri. Ameomba jambo moja tu.

"Nimemwambia Daktari, kama ni kansa, asiniambie nikiwa peke yangu," anasema. "Amwite wifi yangu aingie, mlango ufungwe, tusikie pamoja."