Ukurasa Niliouruka

Mwezi uliopita nilitoka Louisville asubuhi, nikashika barabara kuu kuelekea kaskazini, na nilipofika Columbus gari likanipeleka Linden, mtaa niliokulia, kana kwamba linajua njia. Sikuwa na shughuli pale. Naishi Amherst, jirani na Buffalo, ambako nafundisha riwaya za Kiingereza za karne ya kumi na tisa, zile za enzi ya malkia mjane wa nguo nyeusi, na safari ilikuwa bado ndefu. Lakini nilikuwa nimekaa siku tatu na mdogo wake nyanya, na kwenye kiti cha pembeni kulikuwa na kitabu nilichokuwa nimeenda kumsomea. Nikaegesha mbele ya nyumba yetu ya zamani. Wameipaka rangi ya kijivu. Pale nyanya alipopanda lengalenga, mchicha wa kwetu, sasa pana kokoto.

Wewe uliyelelewa na nyanya utanielewa. Jumamosi za nyumba ile zilikuwa na harufu yake: sombe, yale majani ya muhogo, ikiyeyuka barafu kwenye beseni, maziwa yakipanda kwenye sufuria. Maziwa tuliyanunua dukani, tayari kunywewa, lakini nyanya aliyachemsha hata hivyo. Alisema maziwa ambayo hujui jina la ng'ombe wake ni ya kuchemsha mara mbili. Maharagwe nayo yalikuja safi ndani ya mfuko, bila jiwe hata moja, na kila Jumamosi aliyamwaga kwenye sinia akayachambua. Treni ya mizigo ilipopita nyuma ya mtaa, vikombe vilitetemeka kabatini, naye alinyamaza mpaka iishe, kama mtu anayempisha mkubwa njiani. Mama alikuwa kazini, kwenye ghala la nguo upande wa Reynoldsburg, akikunja mashati ya watu wasiomjua.

Kitabu kilitoka kwa mwalimu wangu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, Kiingereza changu kikiwa bado kipya na chenye pupa. Maktaba ya shule ilikuwa inatupa vitabu vya zamani, akaniokolea kimoja: kinene, jalada la kijani, herufi ndogo kama sisimizi. Sharti lilikuwa moja. Kila wiki nimsomee mtu mzima nyumbani, na mtu huyo atie sahihi kwenye karatasi yenye namba za kurasa.

Wenzangu waliwapa wazazi wao karatasi hiyo wakati wanavaa viatu kwenda kazini, ikasainiwa. Mimi nilimpelekea nyanya. Akaitazama, akaiweka chini ya sinia. Kwenye kambi ya wakimbizi tulikotoka alikuwa ametia kidole gumba kwenye karatasi nyingi ambazo hakuna aliyemweleza zinasema nini, na tulipofika Marekani alijifunza kuandika jina lake, akajiapiza.

"Siwezi weka jina yangu ku kitu sijasikia," alisema. "Soma kwanza. Na usome mu luga yenye miye nasikia."

Basi nikawa namsomea kwa Kiswahili, nikitafsiri sentensi moja moja, huku punje za maharagwe zikigonga sinia.

Hadithi ilikuwa ya binti wa fundi wa saa. Baba yake anafariki, anachukuliwa na shangazi aliyeolewa na tajiri mwenye kiwanda cha vitambaa, kwenye mji uliojaa moshi. Mwalimu alidhani mambo yake yangenishinda: urithi, mjane kukaa kwa shemeji, binamu wanaopangiwa ndoa na wakubwa mezani. Kwa nyanya hayakuwa magumu hata kidogo. Alijua kwamba shangazi akisema "jione uko kwenu", maana yake uamke mapema ufagie. Na aliuliza maswali ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza. Pamba ya kiwanda kile inalimwa na nani? Vitambaa vyote hivyo, wanavivaa peke yao? Mwandishi hakusema, nami sikujua.

Mwalimu alitueleza kwamba zamani riwaya hizo zilitoka kipande kwa kipande, na watu wa London walingoja kila kipande kwa hamu. Sisi tulikuwa na Louisville. Kila Jumamosi jioni nyanya alimpigia simu mdogo wake na kumsimulia kipande cha siku ile, mara nyingi kikiwa kimenenepa njiani. Ikafika mahali kina mama wa kanisa letu, kwenye maombi ya Jumatano, wakawa wanamtaja binti wa fundi wa saa, baada ya wagonjwa na kabla ya wasio na kazi. Nilijua wanamwombea mtu ambaye hayupo. Sikuwarekebisha. Nami nilikuwa nafumba macho.

Kisha tukaukaribia ukurasa ule. Nilikuwa na desturi ya kusoma mbele siku ya Ijumaa ili nipange maneno. Tajiri ana wageni mezani. Mmoja amerudi kutoka Afrika, na anasimulia jinsi watu wa milimani huko, wajinga kama watoto, wanavyotoa ng'ombe kwa kipande cha kitambaa chekundu cha kiwanda kile kile. Meza nzima inacheka. Binti wa fundi wa saa anacheka kuliko wote, mpaka anajifunika mdomo.

Wengine ningewaachia wacheke. Lakini yeye tulikuwa tumemwombea.

Kesho yake niligeuza karatasi mbili kwa pamoja, nikaendelea na mvua iliyokuwa inanyesha nje ya nyumba ya tajiri. Nyanya alisikiliza hadi mwisho. Nikampa kalamu. Kusoma hakujua, ila namba alizijua, kwa sababu kambini aligawa chakula. Na miezi ile yote sikio lake lilikuwa limejifunza jinsi karatasi moja inavyogeuka. Kalamu ikabaki hewani.

"Uliruka," akasema.

Nikasema hapana.

"Donc, ni kusema unataka niweke jina yangu juu ya uongo?"

Nikarudi nyuma, nikasoma polepole, maana sasa sikuthubutu kupunguza hata neno. Nilipofika kwenye kicheko aliniuliza kama binti naye anacheka. Nikamwambia ndiyo, naye anacheka. Akalaza kalamu kwenye sinia, akatoka kumwagilia lengalenga zake, ambazo mvua ilikuwa imeshazimwagilia asubuhi.

Jumamosi mbili zikapita bila kitabu. Louisville wakapiga simu kudai kipande chao, nikamsikia akijibu kwamba binti yule amesafiri. Mama mmoja wa kanisa alipouliza hali yake, nyanya alisema aombewe toba. Lakini kilichonitesa zaidi kilikuwa kingine. Barua za daktari, maneno ya mwenye nyumba, simu za shule, vyote vilimfikia nyanya kupitia mdomo wangu. Na sasa, kila nilipomtafsiria, aliitazama midomo yangu kana kwamba anahesabu.

Jumamosi ya tatu aliniita jikoni nilete kitabu. Macho yakiwa kwenye maharagwe, akanisimulia kwamba nyanya wa nyanya yake, huko milimani, alimwona mfanyabiashara mzungu akipita na vitambaa. Akakitamani chekundu. Akamletea ndama kipofu wa jicho moja, akamsimamisha kwa upande wake mzuri, na mzungu akaondoka naye akishukuru.

"Kwetu walimucheka ule muzungu miaka na miaka," alisema. "Hata miye nilimucheka, na sikumujua." Akachambua punje mbili tatu. "Bon. Andika ile pale pembeni. Wao waliandika yao, yetu ikae karibu. Na siku ingine ukiruka kitu, useme umeruka."

Niliandika kwenye ukingo wa ukurasa, mistari ikipinda kona na kupanda juu. Nikamsomea nilichoandika. Ndipo akachukua kalamu na kusaini mara mbili, kwenye karatasi ya shule na pale ukingoni, herufi kubwa zilizoegemeana kama watu waliochoka. Jioni ile Louisville walipata kipande chao, na Jumatano binti alirudi kwenye maombi. Kitabu tulikimaliza majira ya joto, madirisha yakiwa wazi.

Nyanya ametutoka. Kina mama wale wametawanyika, na watoto wao wakiitwa wanaitika kwa Kiingereza. Wanafunzi wangu wakikutana na kurasa kama ule hukasirika, na wana haki. Nawasomea kilichoandikwa ukingoni. Wanacheka, kisha wanarudi kwenye ukurasa.

Huko Louisville nilimsomea pia mdogo wake nyanya, ambaye sasa haoni vizuri. Alicheka mpaka akakohoa, halafu akaniambia nimekosea.

"Haikukuwa jicho moja, mwana wangu. Ile ndama ilikuwa haione hata kidogo. Dada yangu alisikia haya kukuambia yote."

Kumbe naye aliruka.

Nikiwa ndani ya gari pale Linden, treni ikapita nyuma ya mtaa. Nikanyamaza mpaka ikaisha. Kisha nikafungua kitabu, na chini ya jina la nyanya nikaongeza maneno matatu: macho yote mawili. Nikabaki nimeshika kalamu hewani, nikiitazama nyumba ya kijivu. Hapakuwa na mtu wa kusaini.