Kengele Iliyotangulia Matokeo

Kwa miaka kumi na saba ufunguo wa sakristia, chumba cha maandalizi cha kanisa la Pievenuova, ulikaa kwenye mfuko wa aproni ya Nives Cavazzuti, na watu wa mji ule mdogo walimwita Mama Kengele bila yeye kukasirika. Alifagia kanisa, akabadilisha maua, akapiga kengele za misa na za mazishi. Alipiga na zile nyingine pia. Kiwanda cha magari mekundu ya mbio kilikuwa kilomita chache tu kutoka pale, na kila Wekundu waliposhinda, kengele ya kanisa ililia, na aliyekuwa shambani au jikoni akajua matokeo bila kuuliza mtu. Padri Celso alipohamia pale hakuipinga desturi hiyo. Aliweka sharti moja: isipigwe mpaka waamuzi wa mbio watoe karatasi ya matokeo.

"Ukishaipiga, Nives, huwezi kuirudisha mnarani," alimwambia.

Kabla ya kengele alikuwa mshonaji. Alishona ngozi za viti vya magari miaka ishirini na tisa, kiasi kwamba kidole gumba chake cha kulia kilipinda kikabaki hivyo. Mumewe, Gualtiero, alifariki mapema, na watoto hawakujaliwa. Ndugu aliyebaki alikuwa mmoja, kaka yake Oreste, fundi wa injini kwenye chumba cha majaribio cha kiwanda. Oreste hakuwa amevuka kizingiti cha kanisa tangu alipomzika mkewe, Bruna, aliyekufa akiwa na miaka thelathini na minne. Hakumtukana Mungu. Aliacha tu kuongea naye, kama mtu anavyoacha kuongea na jirani aliyemkosea.

Mapafu ya Oreste yalipochoka, Nives alimchukua kwake akamtandikia kitanda jikoni, karibu na jiko, penye joto. Ilipofika Novemba daktari alimwita Nives pembeni akamwambia asipange mambo ya Krismasi. Tangu siku ile alikuwa na ombi moja tu: kaka yake aungame kabla hajafa. Alimwomba kwa upole, akamwomba kwa machozi, siku moja akamwomba kwa hasira huku amemshikia kijiko cha mchuzi mdomoni. Oreste alikunywa mchuzi, akageukia ukutani.

Alhamisi kabla ya mbio ya mwisho ya ubingwa, Learco alikuja kumtazama mgonjwa. Alikuwa fundi rangi mstaafu mwenye masharubu makubwa, na ndiye aliyeandika ubaoni dau zote za baa ya Marzia, mle ambamo mji mzima ulitazama mbio. Pesa hazikuwekwa pale. Mtu aliweka kile ambacho angeona uchungu kukitoa.

"Marzia akikosa anatulisha soseji za nguruwe na dengu mwaka mpya, baa nzima," Learco alisema akivuta kiti. "Mimi nikikosa, nanyoa."

"Hayo masharubu yalikufa siku nyingi," Oreste alisema, akipumzika kila baada ya maneno mawili. "Yanangoja kuzikwa tu."

"Yamekufa na heshima zake, bwana. Wewe kichwani huna hata cha kuzika."

"Niandike na mimi."

"Utaweka nini, babu? Soksi?"

Oreste alimtazama dada yake, aliyekuwa mezani anakunja tortellini, vifuko vidogo vya tambi vyenye nyama. "Wekundu wakichukua ubingwa, Nives amlete padri wake. Nitaungama, nitapakwa mafuta, nitapokea komunyo, yote. Wakikosa, asinitajie tena habari hiyo mpaka nife."

Learco aliacha kutabasamu. "Hilo si la kuandika ubaoni, Oreste."

"Wewe andika. Kazi yako chaki."

"Kaka, mambo ya Mungu hayachezewi," Nives alisema.

"Nani anacheza? Unakubali au hukubali?"

Alikuwa amemwomba wiki baada ya wiki bila kupata hata neno moja. Akapangusa unga mikononi. "Nakubali," akasema, na papo hapo akaogopa.

Siku zilizofuata alijikuta mbele ya altare akiwaombea watu asiowajua. Aliombea tairi. Alimwombea kijana wa Wekundu asikoroge gia. Mara moja alianza kuomba gari la Mbelgiji, aliyekuwa anawania ubingwa na kijana wao, liharibike, akaona aibu, akaomba msamaha, kisha akaomba liharibike kidogo tu.

Mbio ile ilifanyika nchi za joto, lakini Pievenuova Jumapili ile ilikuwa na ukungu mzito hata mnara haukuonekana kutoka mlangoni mwa baa. Nives alimwacha mgonjwa na jirani. Televisheni ilikuwa imekatazwa, maana moyo wake haukuihimili, lakini Oreste alitaka dirisha lifunguliwe kidogo apate kusikia kengele.

Baa ilijaa mapema, na mabishano yalikuwa yameanza tangu misa ya asubuhi. Hesabu kila mtu aliijua: kijana wao ashinde, na Mbelgiji asimalize juu ya nafasi ya sita.

"Atapata ya pili huyo, hata akiendesha amelala," Learco alisema.

"Learco, wewe ni wa wapi hasa?" Marzia aliuliza kutoka nyuma ya kaunta. "Umezaliwa hapa, umebatizwa hapa, unaniwekea dau la Mbelgiji."

"Naweka dau kwa akili. Moyo nimeuacha nyumbani kwa mke wangu."

"Akauweke kwenye barafu, basi."

"Tairi zetu ngumu hazipandi joto. Nimesema tangu Septemba."

"Umepaka milango miaka arubaini, leo unajua joto la tairi."

Watu walicheka. Nives alisimama karibu na mlango na hakuagiza hata kahawa. Ubaoni, chini ya masharubu ya Learco na soseji za Marzia, palikuwa na maneno mawili: Oreste, padri. Kila aliyeingia aliyasoma, akamtazama, akageuza macho.

Kwenye mzunguko wa kumi na mbili Mbelgiji aligongwa kidogo, akaingia kubadilishiwa bawa la mbele, akarudi akiwa wa kumi na saba. Baa ilinguruma. Kuanzia hapo hakuna aliyekaa. Kijana wao aliongoza, na Mbelgiji akapanda mtu mmoja mmoja: wa kumi na mbili, wa tisa, wa saba. Zikibaki dakika chache akawa wa sita, na mbele yake lilikuwa gari la kijani. Alilifikia akashindwa kulipita. Nives alikuwa ameushika ufunguo mfukoni hata meno ya ufunguo yakamwingia kiganjani.

Bendera ilishuka. Kijana wao wa kwanza, gari la kijani la tano, Mbelgiji wa sita. Watu walirukiana, glasi ikaanguka, mzee mmoja akakaa sakafuni analia. Nives alishafungua mlango.

"Nives, subiri," Learco alimwita katikati ya kelele. "Yule wa kijani ana adhabu. Sekunde tano, bado hawajamwongezea kwenye muda wake. Subiri karatasi."

Alisikia. Baadaye watu walimtetea kwamba kwa kelele zile asingeweza kusikia, na Nives hakumruhusu mtu kusema hivyo. Alisikia kila neno, akaelewa, akatoka. Alivuka uwanja kwenye ukungu akijiambia kwamba Learco siku zote anaharibu furaha za watu. Aliingia sakristia, akabonyeza kitufe, na kengele tatu zikaanza kulia juu ya kichwa chake.

Aliziacha zilie dakika tano nzima. Alipotoka alitegemea honi za magari na watu wenye bendera. Uwanja ulikuwa kimya. Mlango wa baa ulifunguka na Marzia akasimama pale, kitambaa cha vyombo mkononi. Wa kijani alikuwa ameongezewa sekunde zake tano. Mbelgiji alikuwa wa tano, na ubingwa ulikuwa wake.

Nyumbani Oreste alikuwa ameketi, mito mitatu mgongoni. Macho yalimng'aa. Jirani naye alikuwa amezisikia kengele, akamshika Nives mikono, akampongeza, akaenda zake.

"Nimezisikia," Oreste alisema. "Tangu mwanzo hadi mwisho. Basi, dada, dau ni dau. Mwite mtu wako."

Nives alitaka kufungua mdomo. Badala yake alichukua koti, akatoka.

Alikutana na Padri Celso njiani, akija kwa hatua kubwa. Uso wake ulionyesha kwamba amekwisha kuambiwa.

"Ulisubiri karatasi?"

"Sikusubiri, Padri. Na Learco aliniambia, nikasikia. Kaka yangu anakuita. Anataka kuungama."

"Kwa sababu anadhani Wekundu wameshinda."

"Ndiyo."

Padri alivua miwani akafuta ukungu. Alikuwa mtu mzima, hakuwa mwepesi wa maneno. "Nitaingia," alisema. "Nina mafuta mfukoni. Habari za mbio sitazianzisha mimi. Lakini akiniuliza, sitamdanganya mtu anayekufa."

Waliingia. Oreste alimpa padri mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu padri ahamie pale. "Kaa, Padri," alisema. "Kabla hatujaanza, niambie. Tumewapita kwa pointi ngapi?"

Jiko liliwaka. Padri Celso alimtazama Nives, na Nives akajua kwamba akinyamaza, maneno yatatoka kwa padri, na Oreste atakufa akijua kwamba dada yake alimwachia mgeni kazi ile.

"Hatukushinda, kaka," alisema. "Nilipiga mapema. Gari la kijani lilikuwa na adhabu, Mbelgiji akapanda hadi wa tano. Learco alinizuia nikapiga hivyo hivyo, nikijua wewe unasikiliza."

Oreste alirudi kuegemea mito. Ile nuru machoni ilizimika polepole, na Nives aliitazama ikizimika, kwa kuwa aliona hana haki ya kuangalia pengine.

"Ulijua?" Oreste aliuliza.

"Nilijua inawezekana."

"Basi umekosa dau, Nives." Hakulisema kwa ukali. Akamgeukia padri. "Padri, ukungu huu utakuua. Mpe mvinyo huyu, dada, ule wenye povu, si ule wa kupikia."

Padri Celso alikunywa glasi moja. Waliongea juu ya adhabu za sekunde tano, kama ni haki au si haki, na Oreste alisema zamani mtu alishinda barabarani, siyo kwenye karatasi. Kisha padri aliaga. Mafuta yaliondoka yakiwa bado mfukoni mwake, kama yalivyokuja.

Jumatatu na Jumanne Nives alishika neno lake, hakutaja kuungama. Lakini Jumanne jioni, pumzi ya kaka yake ilipoanza kukatika, alikaa pembeni ya kitanda akasali rozari, na kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kuficha tena aliisali kwa sauti. Hakuwa ameahidi kutosali. Oreste alikuwa amefumba macho. Nives alisali fungu la kwanza la Salamu Maria kumi, la pili, na katika la tatu machozi yalimpoteza, akaanza Atukuzwe Baba ya kufunga fungu.

"Bado moja," Oreste alisema.

"Nini, kaka?"

"Umesali Salamu Maria tisa. Bado moja."

Nives alirudi nyuma, akaisali ya kumi. Midomo ya Oreste ilitikisika. Pengine alikuwa anatafuta hewa. Pengine alikuwa anahesabu tu, mtu aliyehesabu mizunguko ya injini maisha yake yote na hawezi kuvumilia hesabu pungufu. Alikufa Jumatano kabla ya saa sita mchana.

Nives alimweleza Padri Celso yote, mara mbili, na akamuuliza kama ile ilikuwa sala. Padri alifikiri, akasema hajui. Akamuuliza kama kengele ile ilikuwa dhambi. Hilo padri alilijibu: ilikuwa dhambi, na akamwondolea. Lakini swali la kwanza Nives alirudi nalo nyumbani, kwenye jiko lililozimika na kitanda ambacho bado hakuwa amekikunja.