Mashujaa Watano Wavuka Busia

Wiki hii nilisimama tena kwenye foleni ya mpakani Busia, jua la saa nane likituchoma utosi. Mbele yangu msichana mmoja, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Busitema kule Uganda, alikuwa anavusha katoni za kitabu chake cha katuni, toleo la kwanza kabisa, lililochapwa upande wa Kenya. Kesho yake angelizindua mjini Tororo, upande wa Uganda. Ni hadithi ya kikosi cha mashujaa watano wanaolinda mpaka. Katoni alizipakia kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mzee mmoja mlemavu, kama tunavyofanya wengi hapa, kwa sababu walemavu huwa hawasimamishwi na watu wa forodha.

Siku hiyo afisa wa forodha akamsimamisha. Akafungua katoni, akatoa nakala moja na kuanza kusoma.

"Huyu anafanya nini?"

"Anaruka angani, afande."

"Na huyu?"

"Anapenya kuta."

Mama mwenye beseni la dagaa wa omena nyuma yangu akahema. "Kwani kati ya hao mashujaa hakuna mwenye anaweza kusogeza laini?"

Afisa akalamba kidole, akafunua ukurasa mwingine. Alipomaliza, alibaki na nakala ile, akapunga mkono wapite.

Mzee wa baiskeli alikitazama kitabu cha juu. "Dada, wote umewachora wamesimama," alisema, bila ubaya wowote. Mzee akainama, akazungusha pedeli kwa mikono, akawavusha mashujaa wote watano hadi Uganda.

Sisi wenye miguu tukabaki kwenye foleni.