Wembe wa Siku ya Saba

Baba yangu alianza kufuga ndevu mwaka niliobeba mimba ya mwanangu, na mtaa wetu mzima hapa Garissa ukamshukuru Mungu. Wazee wa msikitini walimpongeza kwa mikono miwili. Mama mkwe wangu, mwanamke wa pwani asiyesifu kitu bure, hata biriani, alisema uso wa baba umepata nuru. Mimi nilinyamaza. Si kawaida yangu kunyamaza, mume wangu atakwambia, lakini nilijua kwa nini zile ndevu ziliota.

Baba alikuwa dereva wa lori, Garissa hadi Mandera na kurudi, na katika vumbi lote lile hakuna aliyepata kumwona na kidevu chenye vinyweleo. Wenzake walinunua viwembe vya plastiki wakavitumia wakavitupa. Yeye alikuwa na wembe wa kukunja wenye mpini wa pembe, na aliunoa kwenye mkanda wa ngozi ya ngamia uliotundikwa nyuma ya mlango wa bafu. Wazee walimtania kwamba anafanana na mvulana wa shule. Alicheka nao, na kesho yake akanyoa tena.

Halafu kulikuwa na krimu. Madereva wengine wakirudi safarini huleta maziwa ya ngamia au redio. Baba alileta krimu za kunyolea za zamani. Duka likifungwa Kutulo, mwenye duka akifa Lafey na wanawe wakifagia rafu, mfanyakazi wa shirika kule Dadaab akihama na kuacha vitu bafuni, baba alikuwa mlangoni anauliza kama kuna mkebe. Alikuwa na mikebe ya bati iliyoota kutu, tyubu za zamani za madini laini zilizokunjwa mkia, na vibakuli vya mbao vyenye sabuni ngumu kama jiwe. Joto la hapa halina huruma na vitu hivyo. Mafuta hupanda juu, maji hushuka chini, na kinachobaki hunuka samli iliyochacha. Kwa hiyo alizifunga kwa gunia lililoloweshwa, akaziweka katika sanduku la bati chini ya kitanda, kwa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni zile alizokuwa na hakika nazo. La pili ni zile ambazo hakujua mafuta yake yalitoka kwa mnyama gani, na hizo alizinusa tu, kifuniko nusu wazi, hazikugusa ngozi yake abadan.

Aliwahi kuwa na brashi moja nzuri sana ya kupakia povu. Siku mfamasia alipomwambia kwamba zile ni nywele za nguruwe, alinawa mikono mara saba, mara moja kwa mchanga, kisha akatengeneza brashi yake mwenyewe kwa ndevu za beberu. Mama yangu, Mungu amrehemu, alicheka mpaka akakaa chini.

Mimi nilikuwa mkoroga povu wake. Nikiwa darasa la tano aliniwekea puto lililopulizwa, akalipaka povu, akanipa wembe ule. "Ondoa povu, puto libaki," alisema. Nilipasua mengi sana. Siku nilipoondoa povu lote bila mlipuko alinunua soda na kuwatangazia majirani, na mimi nikajiona daktari.

Sasa, ile asubuhi. Nilikuwa na mimba ya miezi mitatu, nimeenda kumpelekea anjera za kunywea chai. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nimemwona na vipande vya karatasi vilivyonata kidevuni, na alikuwa ameanza kunywa chai kwa kikombe kilichojaa nusu. Mlango wa bafu ulikuwa wazi. Amejipaka povu, amekibana kiwiko cha mkono wa kulia ukutani, na kwa mkono wa kushoto ameushika mkono wenye wembe, kama mtu anayezuia mbuzi asitoroke. Wembe ulikuwa unacheza. Aliniona kwenye kioo. Alijifuta povu lote kwa taulo, akaukunja wembe, na tangu siku hiyo ndevu zikaachwa ziote.

Funika kombe mwanaharamu apite. Nilifunika. Kama watu waliona uchamungu pale palipokuwa na ugonjwa, hawakumdhulumu mtu, na yeye alikuwa amepata heshima badala ya kuonewa huruma. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha nilikuwa mimi peke yangu.

Lakini mtoto akazaliwa, wa kiume, na kwetu siku ya saba mtoto huchinjiwa, hupewa jina na hunyolewa kichwa. Nywele zake hupimwa, na uzito wake wa fedha hutolewa sadaka. Baba ndiye aliyewanyoa watoto wote wa ukoo wetu kwa wembe wake. Na huyu wangu alikuwa na jambo la ziada. Nimeolewa na mtu wa pwani, Mwislamu kama sisi lakini si Msomali, na jamaa zetu wa Lafey hawakuja harusini. Maneno yao yalifika ingawa wenyewe hawakufika: huyo mtoto atakuwa wa nani? Baba alinitumia jibu kupitia simu ya mume wangu. "Waambie watu wa Lafey kuja," alisema kwa Kiswahili chake. "Mimi nitanyoa huyu kijana mbele yao. Wembe ya mimi."

Mume wangu akafurahi. Mimi nilihesabu siku zilizobaki.

Usiku na mchana wa siku zile nilimwangalia mwanangu utosini, pale mfupa haujafunga, ngozi inapopwita kila moyo unapopiga. Nikikumbuka wembe ukicheza mbele ya kioo, maziwa yalikauka. Nilimwambia mume wangu tumpeleke kwa kinyozi mwenye mashine ya umeme. "Unataka kumvunjia baba yako heshima mbele ya ukoo?" akaniuliza. "Ameshatayarisha mpaka krimu yake." Ningeweza kusema neno moja tu na mambo yangekwisha. Ila neno hilo lingezinyoa pia ndevu za baba, na kila mtu angejua kwamba ile nuru ya usoni ilikuwa mtetemeko wa mkono. Niliwachukia wote: mume wangu kwa kutoona, watu wa Lafey kwa kukubali kuja, na baba zaidi ya wote kwa kiburi chake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wao waliona sherehe, mimi niliona kisu.

Siku ya saba ilifika, na mbuzi wakachinjwa uani. Chumbani kwangu waliingia wazee wawili wa Lafey, wakakaa karibu na mlango wakiangalia paa. Mama mkwe akatandika kanga mpya mkekani, akampakata mtoto, akamtazama mume wangu na kichwa chake cha nywele nyingi. "Mwenzako akinyolewa, zako tia maji," akamtania. Watu wakacheka. Mimi nilikaa karibu kiasi cha kuweza kuudaka mkono wa mtu. Nilikuwa nimeamua: wembe ukikaribia ngozi, naushika kwa makali yake, na heshima iende inakokwenda.

Baba akaingia na bakuli, brashi ya beberu na mkebe ambao sikuwahi kuuona wazi. Ulikuwa ndani ya sanduku tangu nikiwa mtoto, sabuni ya mafuta ya zeituni aliyoinunua kwa mzee wa Kiyemeni aliyekuwa akifunga duka. Hakuwa amewahi kuufungua. Alinipa kwanza, nikajipaka kidogo mkononi, nikangoja. Haikuwasha. Ilinuka majani makavu na kabati la zamani.

Akakoroga. Mkono ule unaotetemeka haukuonekana kitu katika kukoroga, kwa kuwa kukoroga ni kutetemeka tu kwa makusudi, na povu lilitoka zito na jeupe. Akampaka mtoto kichwani taratibu. Mtoto akapiga chafya. Wazee wa Lafey wakasogea mbele.

Kisha akaufungua wembe.

Jua lilikuwa likiingia dirishani, likaugonga ule wembe, na doa la mwanga likarukia ukutani juu ya kichwa cha mama mkwe. Lilikuwa likiruka huku na huku, juu, chini, halitulii. Hakuna aliyekuwa ameutazama mkono wa baba, ila doa lile kila mtu aliliona. Mama mkwe aligeuka kulitazama, kisha akautazama mkono, kisha akamvuta mtoto kifuani kidogo sana. Mume wangu alifungua mdomo. Mzee mmoja wa Lafey alisema "Bismillahi" kwa sauti ndogo, si kwa baraka, kwa woga. Nilinyanyua mkono wangu.

Baba naye alikuwa akiutazama ukuta. Aliutazama muda mrefu, kama anayesoma kibao cha barabarani. Tulisikia kisu cha wachuna ngozi huko uani na nzi dirishani, basi.

"Habana," akasema. Alisema kwa Kiswahili, ili wakwe wasiachwe nje. "Kichwa ya mtoto, mama yake najua zaidi." Akaugeuza wembe, mpini ukanielekea.

"Mwanamke?" akauliza mzee wa Lafey.

"Mimi nilifundisha yeye," baba akajibu. "Kama wewe nataka fundisha mimi kazi ya wembe, njoo kaa."

Hakuna aliyekuja kukaa. Mama mkwe akanisogezea mtoto. "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, mwanangu," akasema, na midomo yake ilikuwa imekauka.

Nami nikashika wembe, na hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Mpaka dakika ile nilikuwa na mtu wa kumlaumu. Sikuwa nimelala vizuri tangu nijifungue, vidole vyangu vilikuwa vimevimba, na miaka mingi ilikuwa imepita tangu niguse puto mara ya mwisho. Baba alichuchumaa upande wa pili. "Vuta ngozi na kidole gumba," akaniambia, Kisomali sasa. "Laza wembe. Usisukume, uache uende." Nikauweka juu ya sikio, mbali na utosi, nikavuta. Mstari wa povu ukaondoka na nywele zake, ngozi ikabaki chini yake, nyekundu, nzima.

Mtoto akaanza kujinyonganyonga. Nikauinua wembe, jasho likiniingia machoni. Baba akauweka mkono wake juu ya tumbo la mtoto. Mkono ukatetemeka tu, na mtoto akaona anabembelezwa, akatulia. Tukaendelea hivyo, yeye chini na mkono wake mbaya, mimi juu na wembe. Nilipofika utosini sikupumua. Niliona ngozi ikipanda na kushuka chini ya makali. Nikapita juu yake kwa vipande vidogo vidogo, kila kipande nikasema moyoni, ondoa povu, puto libaki.

Nilipomaliza nilimgeuza kichwa kwenye mwanga na kukikagua chote. Hapakuwa na tone la damu. Mama mkwe akaangua vigelegele, mume wangu akatoka nje haraka, nikajua amekwenda kulia. Wazee wa Lafey walimwombea mtoto dua, wakamwita kwa jina la ukoo wetu, mmoja akanipa mkono kisha akakumbuka kwamba haifai akaurudisha. Nywele zikakusanywa kwenye kisahani, na watu wakaitwa uani kula.

Chumbani tulibaki mimi na mtoto, mama mkwe, na baba. Nilianza kukusanya vyombo.

"Povu limebaki," baba akaniambia kwa Kisomali. "Kulitupa ni israfu."

Nilidhani anatania. Lakini alikuwa ameketi pale mkekani alipokuwa mtoto, amevua kofia, ameiweka gotini, na mkono umelala juu yake ukitetemeka wazi, bila kufichwa.

Mama mkwe alizitazama ndevu zile, ndevu alizozisifu kuliko mtu yeyote. Alimlaza mtoto, akachukua taulo, akamfunga baba shingoni.

"Aabo," nikamwita baba, "wazee wako uani wanakungoja. Watu watasema nini?"

"Watu wanakula nyama," akasema. "Anzia hapa."

Akafumba macho, akainua kidevu.