Rafadha ya Zuhura

Laiti ningemkatalia mwalimu mkuu asubuhi ile ya maonyesho ya shule aliponiambia, "Saidi, sema mashua ni yako. Wasichana wanaonyesha vitambaa." Nilikubali. Hadi leo, kila nikisikia mashua za injini zikinguruma ziwani hapa Minneapolis, pua yangu hujaa harufu ya mkulo uliochongwa, mti wetu wa Usambara unaonukia kafuri.

Baba alikuwa bwana miti. Masika yale, mvua ilipotufungia ndani, alitusimulia habari za bwana miti mwenzake wa karne ya kumi na tisa, mzaliwa wa Bohemia, Ulaya. Kazi yake ilikuwa kutunza mialoni ya kuundia meli, lakini akili yake ilishinda majini. Meli za moshi za wakati ule zilisukumwa na magurudumu makubwa ubavuni. Yeye akabuni rafadha, mfano wa parafujo, izunguke chini ya maji nyuma ya chombo. Alipoijaribu bandarini Trieste, meli ilikwenda, kisha bomba la mvuke likapasuka na polisi wakapiga marufuku majaribio. Sifa wakapewa wengine. "Machozi ya samaki huenda na maji," Baba alisema, akacheka, "lakini miti yake aliendelea kuipanda!"

Dada yangu Zuhura hakungoja hadithi ipoe. Alichonga mashua na rafadha ya mkulo, akaifunga nyuma kwa mpira wa baiskeli uliosokotwa ili uizungushe; nami nikachonga yangu, tukakimbilia bwawa la kitalu cha miti. Mashua yangu ilizunguka palepale. "Yako ina kizunguzungu, Saidi! Ilambishe ndimu!" Zuhura akanitania. Yake ikapasua maji moja kwa moja hadi ng'ambo. Baba akaifuata majini na viatu vyake vya kazi, akipiga kelele, "Mwenzangu wa Bohemia angeiona hii!" Tulirudi na matope hadi mapajani, Mama akagomba huku akicheka.

Kwenye maonyesho mashua ya Zuhura ikashinda kwa jina langu. Ikanipatia nafasi ya sekondari ya ufundi, na ufundi ukanileta Marekani. Zuhura alisimama na kitambaa chake, akanipa mkono.

Siku hizi, nyumbani Richfield, kando ya Minneapolis, wajukuu wangu wananijibu kwa Kiingereza, na kaka akidai kazi ya dada yake kuwa ni yake, dada hupaza sauti mpaka jirani anasikia. Nafurahi kumsikia. Sisi tulikuwa na kisu kimoja na furaha tele, ila Zuhura hakuwa na wa kumsemea, na aliyepaswa kusema nilikuwa mimi. Hakuchonga tena. Mpaka anafariki, hatukuzungumza zaidi ya salamu. Uongo ule ulinigharimu dada yangu.